Kabla Hujamwita Fundi: Kutunza Nakshi za Matumbawe na Chokaa Kwenye Majengo ya Kale ya Pwani

Mwongozo huu ni wako ikiwa umo kwenye kamati ya msikiti wa zamani, umerithi nyumba ya mawe Lamu au Mji Mkongwe, au umekabidhiwa funguo za makaburi ya nguzo ambayo wenyewe wameshasahaulika. Nazungumzia mapambo yanayopigwa na mvua ya masika, jua na upepo wa chumvi: maua na maandishi yaliyochongwa kwenye matumbawe, ukanda wa lipu ya nakshi juu ya mlango, na mabakuli ya kauri ya Kichina yaliyopachikwa kwenye kuba za misikiti na nguzo za makaburi.

Vitu hivi havina haraka ya kufa. Maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, na bado yanasomeka. Kwa hiyo ukiona nakshi ya kwako, iliyodumu karne mbili au tatu, imeanza kumomonyoka ndani ya miaka kumi hii ya mwisho, usisingizie uzee. Kuna kitu kimebadilika karibu yake. Mara nyingi ni maji yaliyopata njia mpya, au ni ukarabati wa juzijuzi uliofanywa kwa nia njema na mfuko wa saruji.

Ile methali ya ufa na ukuta imewaponza wengi. Watu wanauona ufa, wanauziba siku hiyohiyo, na wanalala wakijua wametimiza wajibu. Ufa uliozibwa kabla ya kujulikana umetoka wapi hufunguka tena pembeni, na safari hii unapita katikati ya nakshi. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiguse chochote mpaka mvua moja ya masika iwe imepita mbele ya macho yako. Kaa na daftari, uangalie maji yanapita wapi.

Kwanza fuata maji

Anzia juu. Nyumba nyingi za mawe zilijengwa na mapaa bapa ya boriti na zege la chokaa, kisha baadaye zikaezekwa mabati. Mabati yasipotokeza nje ya ukuta, maji yote ya paa humwagika kwenye uso wa ukuta, palepale penye ukanda wa nakshi. Tazama mifereji kama imeziba kwa majani na vinyesi vya ndege. Tazama mabomba ya kushushia maji kama yameachana kwenye maungio. Halafu tazama jambo ambalo babu zetu hawakuwa nalo: kiyoyozi. Kibomba chake chembamba kinadondosha maji usiku na mchana juu ya lipu ileile, na ukitafuta utaona mstari wa kijani ukishuka kutoka hapo. Kuusogeza mpira ule hatua mbili kando ni uhifadhi mkubwa kuliko kazi nyingi zinazolipiwa fedha za wafadhili.

Shuka chini. Je, kuna mtu aliyemwaga sakafu ya saruji kuzunguka kaburi au msikiti ili pawe pasafi? Zamani unyevu wa ardhini ulikuwa ukipanda na kutokea kwenye mchanga wa pembeni. Sasa umefunikwa, na njia iliyobaki ni ukuta. Hapo ndipo unapoona lipu ikivimba na kudondoka usawa wa goti, kisha usawa wa kiuno. Dawa yake ni kuvunja ukanda wa saruji ile kandokando ya ukuta na kurudisha kokoto au mchanga, na kuhakikisha ardhi inainama kuelekea nje.

Kama ukuta wenyewe umetumbua tumbo au nyufa zake zinapanuka, acha habari ya nakshi kabisa umtafute mhandisi anayejua majengo ya kale. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe yasiyochongwa na chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu. Maji yakiingia katikati, udongo ule huoshwa na ukuta hubaki maganda mawili yasiyoshikana. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Hakuna ua la lipu lenye thamani ya kumpandisha kijana jukwaani chini ya ukuta usioaminika.

Kujua kama ufa unatembea ni rahisi. Bandika kiraka chembamba cha lipu kuvuka ufa mahali pasipo na nakshi, uandike tarehe pembeni kwa penseli. Kikikatika, ufa uko hai.

Chumvi na saruji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nakshi nyingi zinapofia.

Ukiona unga mweupe kwenye jiwe la nakshi, na ukiupitishia kidole jiwe linabaki kidoleni kama sukari, hiyo ni kazi ya chumvi. Imetoka kwenye upepo wa bahari, kwenye mchanga wa pwani uliotumiwa bila kuoshwa, kwenye ardhi, na wakati mwingine kwenye choo cha jirani. Chumvi ya kawaida hubaki imeyeyuka pale unyevu wa hewa unapozidi kama asilimia 75. Hewa ikikauka chini ya hapo, inaganda kuwa chembe. Sasa fikiria hewa ya pwani, inayopanda na kushuka kati ya alfajiri na alasiri. Chumvi iliyomo ndani ya vitundu vya jiwe inaweza kuganda na kuyeyuka tena siku baada ya siku, na kila ikiganda inasukuma kuta za kitundu chake. Jiwe halipasuki kwa kishindo. Linageuka unga.

Saruji inaingiaje hapo? Ni ngumu kuliko tumbawe, na haipumui kama chokaa. Unyevu uliomo ukutani ukikuta kiraka cha saruji unazunguka na kutokea pembeni yake, na chumvi nayo inagandia hapohapo. Ndiyo maana utaona kiraka kimesimama imara, kizima, huku nakshi iliyokizunguka imeliwa pande zote. Saruji yenyewe pia ina chumvi zake. Rangi ya mafuta na rangi ya plastiki hufanya kosa lilelile kwa sura ya kupendeza: ukuta unang'aa sikukuu mbili, kisha unatoa malengelenge.

Je, viraka vya zamani ving'olewe? Inategemea. Kama kiraka kimeachia na ukikigonga kinalia, kitoe taratibu kwa patasi ndogo, ukianzia katikati ya kiraka na kumalizia ukingoni. Kama kimeshikana na tumbawe, kukiondoa kutabeba uso wa nakshi pamoja nacho. Kiache. Ubaya unaojulikana ni bora kuliko shimo jipya.

Chumvi yenyewe unaweza kuipunguza kwa bandiko. Chemsha karatasi nyeupe isiyo na wino mpaka iwe uji, uikamue, kisha uilowanishe kwa maji yaliyotoneshwa, si ya bomba wala ya kisima. Ibandike juu ya jiwe lililolowanishwa kidogo, unene wa sentimita mbili hivi, uiache ikauke yenyewe kivulini. Inapokauka inayanyonya maji na chumvi iliyomo. Ibandue, uitupe mbali, urudie. Usifanye hivi mahali ambapo uso umeshakuwa unga, kwa sababu bandiko litauondoa wote. Na usifanye kabla hujafunga njia ya maji, maana utakuwa unachota bahari kwa kijiko.

Kugonga, kusikiliza, kusafisha

Lipu iliyoachana na ukuta hujulikana kwa sauti. Gonga kwa kifundo cha kidole, polepole, ukienda kwa mistari. Palipo pazima panatoa sauti fupi na nzito; palipoachia panalia wazi. Usiweke alama ukutani. Piga picha kubwa ya nakshi nzima, uichapishe, uchore juu ya karatasi yale maeneo yanayolia. Mwaka ujao utachora tena juu ya nakala nyingine, na ukizilinganisha mbili hizo ndipo utakapojua kama kuna dharura au la. Mbinu hii inafaa pia kwa michoro ya vigae vidogo iliyo kwenye kuta za majengo ya karne ya 20, ingawa huko adui mwingine ni nondo: chuma kikishika kutu kinavimba, na kinavisukuma vigae nje.

Kipande kinachotaka kudondoka kipe usaidizi wa muda. Weka kitambaa cha shashi kilichopakwa gundi ya selulosi, ile ya kubandikia karatasi za ukutani, ambayo inatoka kwa maji, na umwite mtaalamu. Yeye ataingiza rojo la chokaa iliyochekechwa nyuma ya lipu kwa bomba la sindano, akiwa ameegemeza ubao wenye sponji kwa mbele. Kwa nakshi ya kale sikushauri ujifunzie kazi hii hapo. Jifunzie kwenye ukuta wa jikoni kwako.

Kuhusu kusafisha, mimi ni mchoyo. Weusi unaoonekana kwenye majengo yetu mara nyingi si uchafu wa moshi bali ni viumbe hai vidogo vinavyopenda unyevu, na ukiziba uvujaji vinapungua vyenyewe. Palipo lazima, tumia maji safi kidogo na brashi ya manyoya laini, kuanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi kwenye sehemu kavu, kisha suuza. Mashine ya kupuliza maji kwa nguvu, brashi ya waya, msasa na tindo visikaribie. Dawa za kufulia nguo nyeupe huacha chumvi ndani ya jiwe. Asidi yoyote, hata siki au ndimu, inakula chokaa na tumbawe moja kwa moja. Ukitilia shaka, dondosha tone la ndimu kwenye kipande kilichokwisha kuanguka uone kinavyotoa povu.

Mti ulioota ukutani, na mara nyingi ni wa jamii ya mkuyu, usiuvute. Mizizi yake imeshaingia kwenye maungio na inakuja na mawe. Ukate karibu na ukuta, upake kisiki dawa ya kuua mti kwa brashi, usinyunyize, usubiri mizizi ife, kisha uzibe nafasi kwa chokaa.

Chokaa yenyewe

Ukifika hatua ya kutengeneza, kanuni ni moja: kiraka kiwe dhaifu kuliko kile unachokiokoa. Kikichoka, kichoke kiraka.

Chokaa hutokana na tumbawe au jiwe la chokaa kuchomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi, likaachia hewa yake ya ukaa. Kinachobaki kinatiwa maji, kinachemka, kinakuwa rojo. Na rojo hilo likishapakwa ukutani linavuta hewa ya ukaa tena na kurudi kuwa jiwe. Kuichemsha ni kazi ya hatari. Tia chokaa kidogokidogo ndani ya maji mengi, usitie maji juu ya chokaa. Vaa miwani na glavu, na uweke ndoo ya maji safi karibu kwa ajili ya macho. Ikishapoa, ihifadhi shimoni au kwenye pipa la plastiki ikiwa imefunikwa na maji, miezi mitatu kwa uchache. Ikikaa mwaka ni bora zaidi. Fundi anayetaka kuanza kazi Jumatatu kwa chokaa ya Ijumaa mpe kazi nyingine.

Mchanga uwe wa mtoni au wa machimbo, wenye chembe za ukubwa tofauti, na uoshwe. Kuupima, loweka konzi mbili kwenye maji ya mvua, uyachuje, uyachemshe sufuriani mpaka yakauke, uone kilichobaki chini. Vitabu vya ng'ambo hufundisha kuyeyusha kipande cha lipu ya kale kwa asidi ili kujua kilikuwa na mchanga kiasi gani. Kwetu kipimo hicho kinadanganya: mafundi wa pwani walitia pia mchanga wa matumbawe na magamba, na vyote huyeyuka pamoja na chokaa. Ni afadhali ukivunje kipande kilichoanguka taratibu, ukitazame kwa kioo cha kukuzia.

Kwa koti la ndani, sehemu moja ya rojo la chokaa kwa tatu za mchanga ni mwanzo mzuri. Kwa koti la juu, moja kwa mbili au pungufu, na mchanga uliochekechwa laini. Lowanisha ukuta kwanza. Usizidishe unene wa sentimita moja kwa mara moja. Kisha linda kazi yako dhidi ya jua: ning'iniza magunia mabichi mbele yake na uyalowanishe asubuhi na jioni kwa wiki nzima au zaidi, kwa sababu chokaa iliyokaushwa haraka haigandi, inabaki vumbi. Kusi au kaskazi ikivuma kavu, ongeza siku.

Usichonge upya ua lililopotea. Hati ya Venice ya mwaka 1964, ambayo wahifadhi wengi duniani wanaifuata, inataka kilichoongezwa kipatane na kizima lakini kitambulike kuwa ni cha leo. Kwa vitendo, jaza pengo, lilainishe, lirudishe ndani milimita chache, na uishie hapo. Mtu akisogea karibu aone kilipoishia cha kale.

Kwa jiwe linalotoa unga, watu watakuambia ulinyweshe maji ya chokaa. Sanamu za karne ya 13 zilizo mbele ya kanisa kuu la Wells, Uingereza, zilitibiwa hivyo katika miaka ya 1970 na 1980 chini ya Robert Baker: maji ya chokaa takribani mara 40, kisha koti jembamba la chokaa na unga wa jiwe likasuguliwa juu ya uso. Wataalamu wamebishana sana kuhusu yale maji, kwa kuwa lita nzima hubeba chini ya gramu mbili za chokaa. Ninachokiamini mimi ni lile koti la mwisho. Linachukua kipigo cha mvua na chumvi kwa niaba ya jiwe, na likichakaa unapaka jingine. Mababu walikuwa na yao, wakipaka chokaa nyeupe mara kwa mara. Tatizo ni moja tu: makoti yakirundikana yanajaza michoro mpaka herufi zinafanana na mikate. Paka jembamba, na usipake penye rangi ya kale chini yake bila kumwonyesha mjuzi.

Mabakuli ya kauri

Makaburi ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, na lile la nguzo la Mambrui, karibu na Malindi, yanajulikana kwa kauri za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa. Kilwa Kisiwani, Msikiti Mdogo wa Kuba ulipambwa kwa mabakuli ya kung'aa ndani ya kuba zake. Mengi yameng'olewa, na penye bakuli pamebaki kishimo cha duara. Kitazame kwa karibu, jua likiwa limelala: chini yake unaweza kuona duara jingine dogo, alama ya kitako cha bakuli ilivyobonyea kwenye chokaa mbichi siku fundi alipolisukuma kwa kiganja. Alama hiyo ni ushahidi wa kipimo cha chombo kilichokuwapo. Ukijaza kishimo, umeifuta.

Kwa hiyo vishimo visijazwe, wala visipachikwe sahani mpya za dukani, hata kama mgeni rasmi anakuja. Kinachotakiwa ni kuweka mteremko mwembamba wa chokaa kwenye mdomo wa chini wa kishimo, ili maji ya mvua yasitulie ndani. Kauri iliyobaki kwa kawaida ni nzima; kinachochoka ni chokaa ya pembeni. Pitisha ukucha ukingoni. Kama pana nafasi, safisha vumbi kwa brashi laini, lowanisha, na usindilie chokaa laini kwa kijiti cha mwanzi, bila kupandisha juu ya kauri. Gundi za viwandani na silikoni hapana: zinashika kauri kuliko chokaa inavyoushika ukuta, na siku zikiachia zinabeba kipande. Vipande vilivyokwisha kudondoka vitiwe kwenye mfuko, viandikwe vilikodondokea, vikabidhiwe ofisi ya mambo ya kale. Visikae dirishani kwa imamu.

Na zipige picha zote, moja moja, zikiwa na rula kando. Kauri iliyoibwa isiyo na picha haitafutwi na mtu.

Kibali na kumbukumbu

Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 chini ya Makumbusho ya Taifa. Mji Mkongwe una mamlaka yake tangu 1985. Pita huko kabla ya kununua hata ndoo ya mchanga. Urasimu upo, lakini humo ofisini mara nyingi ndimo utakamopata jina la mwashi aliyewahi kushika chokaa. Usikate matumbawe hai baharini kwa ajili ya viraka, hata ukiambiwa ndiyo desturi; tumia mawe yaliyoanguka kutoka kwenye jengo hilohilo, kwa ruhusa.

Kazi ikiisha, andika ukurasa mmoja: ulifanya nini, wapi, vipimo vya mchanganyiko, mchanga umetoka machimbo gani, chokaa ilichomwa na nani na ikakaa muda gani. Ambatisha picha za kabla na za baada. Kisha jaza chupa moja mchanga uleule, na chupa nyingine rojo lililobaki likiwa chini ya maji, uandike mwaka, uviweke vyote pamoja na hati za msikiti au za nyumba. Fundi atakayekuja baada yako atataka kujua kile kiraka kilichoanza kuachia kilitengenezwa kwa nini.